Gari iliacha kuharibika, ndo vijana wakaacha kushika spana

Nina mjomba wangu, mtu mzima ameshavuka 60, wewe washa injini ya zamani ya kabureta (kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa) hatua kumi kutoka alipokaa na bila hata kunyanyuka atakwambia taimingi imerudi nyuma, yaani cheche inachelewa kupiga, na kuna silinda moja haichomi sawasawa. Halafu nina mpwa wangu, dogo wa miaka 17, huyu anaweza kukukalisha usiku kucha akikueleza kwanini Nissan Skyline GT-R za miaka ya 90 ziliandikwa nguvu ya farasi 280 tu wakati injini yenyewe ilikuwa inatoa zaidi (watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao tangu 1989 kwamba hakuna atakayetangaza gari ya soko la kwao iliyovuka hapo, na makubaliano yakaja kufa 2004 Honda walipotoa Legend ya farasi 300). Hiyo habari mjomba hajawahi kuisikia maishani mwake. Na dogo mpaka mwaka jana alikuwa hajawahi kufungua boneti, siku nimemwambia afungue alianza kutafuta kitufe kwenye dashibodi.

Hukumu ya mjomba ni fupi: huyu mtoto hapendi magari, anapenda picha za magari. Ya dogo fupi zaidi: babu anajua gari moja tu. Ukikaa nao unaona kila mtu ana hoja yake, na ndo maana huu ubishi wa kwamba vijana wa leo hawapendi magari hauishi, watu wanabishana wakidhani wanaongelea kitu kimoja kumbe ni vitu vitatu vimefungwa furushi moja. Kuna kuhitaji gari, kuna kumiliki gari, kuna kupenda gari. Zamani vilitembea pamoja mpaka hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvitenganisha, siku hizi kila kimoja kimeshika njia yake.

Angalia takwimu ambayo kila mtu anairusha kwenye huu mjadala, ya leseni. Marekani, ambako kijana na gari vilikuwa chanda na pete, mwaka 1983 kama asilimia 46 ya wenye miaka 16 walikuwa na leseni, ikafika 2014 haijafika hata 25. Wenye miaka 19 nao walishuka, kutoka asilimia 87 mpaka 69. Mtu akiona hizo namba anarukia moja kwa moja kwamba mapenzi yamekufa. Taratibu kwanza. Leseni inakuonyesha nani anahitaji kuendesha na nani ameruhusiwa, mapenzi haiyapimi. Na hapo katikati masharti yenyewe yalibadilika, New Zealand walianza 1987 utaratibu wa kumpa kijana leseni kwa hatua, Florida ikauchukua 1996 ikiwa ya kwanza kwa majimbo ya Marekani na mengine yakafuata, kwahiyo mtoto wa 16 leo anaambiwa jaza kwanza masaa ya mazoezi na mzazi pembeni, ukipata leseni usiendeshe usiku wa manane, usijaze wenzako kwenye gari. Sasa uambiwe yote hayo na mfukoni una simu inayokufikisha kwa marafiki zako wote bila kutoka kitandani, haraka ya nini? Kwa kijana wa 1965 gari ndo ilikuwa njia ya kuonana na watu, na zaidi ya hapo ndo ilikuwa chumba chake cha kwanza ambacho mama hawezi kuingia ghafla. Hiyo kazi simu imeichukua, tena kwa bei rahisi. Lakini kazi hiyo haikuwahi kuwa hobi, ilikuwa usafiri na faragha. Wengi waliokuwa wanaihesabu kama mapenzi ya magari walikuwa wanapenda kutoka nyumbani.

Kitu kingine kinachovuruga hesabu ni kuchanganya umri na kizazi. Unamchukua mtu wa miaka 55, ana nyumba, ana kibanda cha kuegesha, ana jeki na makabati ya spana, unamlinganisha na dogo wa 19 anayeishi chumba kimoja ghorofa ya nne, halafu unasema vijana hawana hamu. Mlinganishe huyo dogo na huyo mzee alivyokuwa na miaka 19. Na ukimuuliza mzee atakwambia enzi zetu sote tulikuwa tunashinda chini ya gari. Acha bana. Kila kundi la marafiki lilikuwa na mmoja au wawili wenye kichaa cha magari, wengine walikuwa wanawashikia tochi. Tatizo ni kwamba wale wa tochi leo nao wanajihesabu.

Ukishaondoa hayo yote bado kinabaki kitu, sikatai. Kuna mabadiliko ya kweli na kila mtu anayatupia simu lawama, au gemu, au uvivu. Mimi naona mkosaji mkubwa ni mwingine kabisa na wala hatajwi: gari yenyewe iliacha kuharibika.

Chukua gari ya kawaida tu ya miaka ya 60. Chini ya kofia ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi, kuna kitu kinaitwa pointi, kiswichi kidogo cha chuma chenye vichwa viwili vinavyogusana na kuachana kila plagi inapotakiwa kupiga cheche, yaani maelfu ya mara kwa dakika. Vile vichwa vinaungua kidogo kidogo. Pengo kati yake linatakiwa kama nusu milimita hivi au pungufu, likibadilika na taimingi imehama, na asubuhi yenye baridi gari inakugomea. Kwahiyo mwenye gari anafungua kofia, anazungusha injini kwa mkono mpaka kile kinundu cha shafti kisukume pointi zikae wazi kabisa, anapitisha fila, kibati chembamba cha kupimia pengo (aliyekosa fila alikata kipande cha boksi la kiberiti, sikutanii), analegeza skrubu, anasogeza kwa ncha ya bisibisi kiduchu tu, anakaza, anapima, pengo limehama wakati anakaza, anarudia. Akitoka hapo anahamia kwenye kabureta, anaifunga ile skrubu ya mchanganyiko mpaka injini inaanza kutetemeka inataka kuzima, anairudisha nyuma nusu mzunguko, anainamisha kichwa anasikiliza, robo nyingine, anasikiliza tena.

Sasa hii haikuwa hobi kwa huyo mwenye gari. Alikuwa anataka afike kazini. Lakini pembeni yake kuna mtoto wa miaka 14 kashika tochi, kalazimishwa, anataka akacheze, na baada ya kushika tochi mara sita anajua kila kitu kinachofuata kabla hakijafanyika. Mara ya saba anafanya mwenyewe. Mara ya nane anaanza kujiuliza, hivi nikitafuta kabureta kubwa kuliko hii nikaifunga hapa itakuwaje? Hobi imezaliwa hapo, na mzazi wake ni ubovu.

Mita za kilomita za magari mengi ya wakati ule zilikuwa na tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Hawakuweka tarakimu ya sita kwa sababu gari iliyofika huko ilionekana imeshakula chumvi nyingi kiasi kwamba nani atajali. Leo laki moja ni gari ya katikati ya maisha, na Marekani wastani wa umri wa magari yaliyoko barabarani umeshavuka miaka 12. Ilianza kidogo kidogo: Volkswagen 1600 ya 1967 ikaja na mfumo wa Bosch wa kupulizia mafuta kwa umeme badala ya kabureta, miaka ya 70 pointi zikaanza kutoka na kuingia mfumo wa elektroniki usiochakaa, na mwanzoni mwa miaka ya 90 kabureta ikawa imeshapotea kwenye magari mapya ya Marekani. Plagi za platinamu na iridiamu unaziweka na kuzisahau kilomita laki na zaidi. Huo ni ushindi mkubwa wa uhandisi na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka turudi nyuma, hata mjomba anayelalamika gari yake ya kila siku ni ya juzijuzi. Ila hesabu mwenyewe: yule mtoto wa tochi siku hizi anashika tochi lini? Anakua, anafika 18, na gari ya nyumbani hajawahi kuiona imefunguliwa. Akiwa mdogo hiyo gari ilienda gereji mara mbili kwa mwaka, ikachukuliwa, ikarudishwa imeoshwa.

Ukilitazama hivo utaona kila kizazi kiliingia kwenye hobi kupitia mlango uliokuwa wazi wakati wake, na mlango wenyewe kawaida ulikuwa ni gari rahisi ambayo hakuna mtu mzima anayeitaka tena. Vijana wa California miaka ya 30 na 40 walichukua Ford kuukuu, hasa zile za injini ya V8, yaani ya silinda nane, iliyotoka 1932, wakavua madoido yote yasiyo na kazi wakaenda kukimbiza kwenye maziwa makavu jangwani kama Muroc na El Mirage, mpaka 1937 wakaunda chama chao cha kupima kasi, SCTA. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakarudi wanajeshi waliofundishwa ufundi jeshini wakakuta magari chakavu yamejaa na bei ya kutupa, moto ukapanda, 1951 kikaanzishwa chama cha mbio za magari cha NHRA hasa ili kuwatoa barabarani wakashindane sehemu salama. Wazee wa wakati huo unadhani walisemaje? Walisema hawa ni wahuni wanaoharibu magari mazuri. Kizazi hichohicho leo ndo kinatajwa kama mfano wa vijana waliokuwa na heshima na ufundi.

Halafu 1964. Watoto waliozaliwa 1946 baada ya vita wanafikisha miaka 18, ni wengi kupita kiasi, na viwanda vikagundua kwamba badala ya kumwacha kijana ajenge mwenyewe unaweza kumuuzia imeshajengwa. Pontiac wakatoa GTO ya modeli ya mwaka huo, Ford wakatoa Mustang mwezi Aprili ikauzwa kama njugu. Inabidi tuwe wakweli hapa, kizazi hiki ambacho ndo kinaongoza kulalamika kilikuwa cha kwanza kununua hobi dukani. Dawa ikawa chungu miaka kumi baadaye, 1973 mafuta yakapanda, bima zikapanda, sheria za moshi zikabana, na ikafika 1975 Corvette ya kawaida, ile gari ya michezo ya Chevrolet, inatoka kiwandani na farasi 165. Corvette! Injini ya lita 5.7! Magazeti yalishaandika tanzia ya mapenzi ya magari wakati huo, vijana wa 1975 wakaambiwa mmechelewa, mambo yameisha.

Hayakuisha, yalihama. Mlango uliofuata ulifunguliwa na vigari vidogo vya Kijapani na Kizungu ambavyo wenye V8 walikuwa wanavicheka, Golf GTI, Civic, Toyota Corolla AE86 ya 1983 mpaka 1987 iliyokuja kuwa mboni ya macho ya watu wa kudrifti, wale wanaoteleza na gari kwenye kona makusudi. Nyepesi, nafuu, spea kibao. Na vijana walioingia kwa mlango huo walikuja na kifaa kipya mkononi, laptopu.

Hapa kuna uongo mmoja nimechoka kuusikia, kwamba kompyuta ndo ziliua hobi kwa sababu gari ya kompyuta haitengenezeki nyumbani. Kuanzia 1996 kila gari mpya ndogo Marekani ililazimika kuwa na OBD2, yaani soketi ya aina moja chini ya usukani na lugha moja ya makosa, Ulaya wakafuata 2001 kwa magari ya petroli. Fikiria maana yake. Kabla ya hapo kila kampuni ilikuwa na mashine yake na siri zake, sasa ghafla kifaa kidogo kuliko boksi la kiberiti kinaongea na karibu gari yoyote na majibu yanasomeka kwenye simu.

Mwaka jana gari yangu iliwasha taa ya cheki injini, inatetemeka ikisimama, ikipanda kilima inakata pumzi. Mjomba alikuwepo, akasikiliza, akasema silinda moja haichomi, ila ipi hajui, injini za siku hizi zimefunikwa plastiki na kelele zote ni za kunong'ona. Dogo akachomeka kifaa, akasoma: P0301. Ile 1 ya mwisho ni namba ya silinda. Akaingia YouTube, dakika nne, akarudi na swali moja tu, boneti inafunguliwaje (kipini kiko chini ya dashibodi mwanangu, kivute). Tukatoa ile plastiki ya juu, kila plagi ina koili yake ya kupandisha umeme wa cheche, boliti moja na soketi moja. Akahamisha koili ya kwanza akaipeleka ya pili, ya pili akaileta kwanza, akafuta kosa, tukazunguka kidogo na gari. Taa ikarudi. P0302. Kosa limehama na koili, kwahiyo plagi nzima, nozeli nzima, koili ndo mbovu. Mjomba alikaa kimya muda halafu akauliza, hivyo vitu ningekuwa navyo mwaka 78 unajua ningekuwa nimeokoa Jumapili ngapi?

Kwahiyo kompyuta haikufunga mlango. Ilichofanya ni kubadilisha kiungo kinachotumika, zamani sikio na vidole, sasa macho na uvumilivu wa kusoma. Wapo vijana wanaofungua programu ya kompyuta ya gari wakabadilisha ramani ya mafuta na cheche, seli kwa seli, kazi ileile ya kuzungusha skrubu ya kabureta ila kwenye jedwali la namba mia kadhaa. Ukiwaangalia wamekaa tu na laptopu utasema hawafanyi kitu.

Lakini mlango mkubwa kuliko yote kwa walio chini ya miaka 45 leo wala haukuwa na gari. Ni Gran Turismo, gemu la PlayStation la 1997. Mpaka hapo magemu mengi ya magari yalikuwa ni kukanyaga mafuta na kugonga, hili likaja na magari ya kweli zaidi ya mia, mengi ya Kijapani ambayo nje ya Japani hayajawahi kuuzwa, na likakulazimisha uanze na kigari dhaifu cha mkono wa pili, ushinde mbio ndogo, upate hela ya gemu, ununue ekzosi, ubadilishe gia, uweke difu ya kufunga, uone muda wa mzunguko umeshuka sekunde ngapi. Mtoto wa miaka kumi ambaye mguu wake haufiki kwenye klachi alijua tofauti ya gari inayosukuma kwa nyuma na inayovuta kwa mbele. Ni mtoto wa tochi yuleyule, kasoro gari lenyewe halipo.

Na matokeo yake yanaonekana sokoni. Marekani ina sheria ya tangu 1988 ambayo kwa vitendo inamaanisha gari ya nje ambayo haikutengenezwa kwa viwango vyao unaiingiza kirahisi ikishafikisha miaka 25. Skyline GT-R ya R32 ilitoka 1989, ikafunguka 2014. Ya R34 ilitoka 1999, ikafunguka 2024. Yule mtoto wa miaka kumi wa 1997 mwaka 2024 ana 37, ana kazi, na kuna gari moja amekuwa anaiota tangu shule ya msingi ambayo aliiendesha maelfu ya kilomita bila kuigusa. Unategemea atanunua Mustang ya 1965? Watu wananunua gari waliyoitamani walipokuwa na miaka 10 mpaka 20 na hawakuwa na hela, ni kama nyimbo, zile za ujanani hazichuji masikioni mwako hata kama mwanao anaziba masikio. Ndo maana wenye magari ya kabla ya vita wanashangaa wanunuzi wameenda wapi. Wengi wao walishafariki.

Wapo wanaosema mapenzi ya kwenye skrini hayahesabiki. Basi waambie kuhusu Lucas Ordóñez, Mhispania aliyeshinda mashindano ya Gran Turismo mwaka 2008 zawadi ikiwa ni kufundishwa kuwa dereva wa mbio wa kweli, na 2011 akamaliza wa pili kwenye daraja la LMP2, moja ya madaraja ya magari maalumu ya mbio, kwenye masaa 24 ya Le Mans kule Ufaransa. Au William Byron, alizaliwa 1997, alianza kujifunza mbio kwenye simyuleta ya iRacing nyumbani kwao kabla hajakalia gari ya mashindano, ameshinda Daytona 500, mbio kubwa ya Marekani, mwaka 2024 na akarudia 2025. Kizazi cha mjomba njia ya kufika huko ilikuwa uwe na baba mwenye gereji au mwenye hela.

Ila nisiwape vijana maksi zote, maana kuna kitu skrini haifundishi na kinaonekana haraka mno. Kwenye gemu kubadilisha ekzosi ni kubonyeza. Kwenye dunia boliti ina kutu ya miaka 20, unaipulizia dawa, unasubiri usiku mzima, asubuhi unaitia spana uifungue, inazunguka kidogo unafurahi, kumbe haikulegea, inakatika. Sasa umebaki na kisiki ndani ya injini na siku yako imeisha. Mjomba hayo anayajua kwenye kiganja, anahisi boliti inataka kukatika kabla haijakatika, na hicho kitu hakuna video iliyowahi kukihamisha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Dogo anajua uwiano wa gia za magari hamsini na hajui kukaza boliti bila kuua nyuzi zake. Hata gia za mkono zenyewe, Marekani kwenye magari mapya zimebaki kama asilimia moja au mbili ya mauzo, na kichekesho ni kwamba kati ya watu wanaozililia ni hao vijana wenyewe, wanazitaka kwa sababu zimekuwa adimu. Wazee walizitumia kwa sababu hawakuwa na chaguo, na wengi walizitupa siku otomatiki ilipopata bei nzuri.

Hela na nafasi sitavizungumzia sana maana viko wazi. Gari bovu la kujifunzia linahitaji sehemu ya kulala miezi bila mwenye nyumba kukufuata, bima ya kijana ni ghali, na yale magari rahisi ambayo hakuna mtu mzima anayeyataka siku hizi watu wazima wanayataka. Ukikosa hivyo unabaki na kupiga picha, simyuleta, na kwenda kusimama kwenye mikusanyiko kuangalia ya wenzako. Sio kwamba hawa wamechagua picha badala ya gari. Na tuseme pia, ule mlango wa zamani ulikuwa wa wavulana, msichana hakuitwa kushika tochi, aliitwa jikoni, akisogea gereji anaulizwa umepotea? YouTube na gemu havimuulizi mtu hilo swali, na mabinti wanaojenga injini zao hadharani siku hizi mjomba hakuwaona hata mmoja enzi zake.

Kinachonitia wasiwasi mimi ni mlango unaofuata, na safari hii sio kwamba gari haiharibiki, ni kwamba imefungwa makusudi. Mwaka 2022 Mercedes-Benz walitangaza Marekani kwamba mwenye EQE au EQS ya umeme anaweza kulipia kila mwaka ili gari ichomoke haraka zaidi. Mota ni ileile, betri ileile, umeshainunua, umeiegesha kwako, ila nguvu iliyobaki imefungiwa kwenye programu. Kizazi cha hotrodi, wale vijana wa California na Ford zao, kingekuta hiyo kitu kingeifungua kabla ya chakula cha jioni. Na swali la kama unaruhusiwa kuifungua sio dogo, ilibidi Marekani mwaka 2015 itoe msamaha maalumu wa sheria ya hakimiliki ndo mwenye gari aruhusiwe kugusa programu ya gari yake mwenyewe kwa ajili ya kuitengeneza. Massachusetts wananchi walipiga kura mara mbili, 2012 wakataka gereji za mtaani zipewe taarifa zilezile za matengenezo ambazo kampuni inawapa mawakala wake, 2020 wakarudi tena kwa sababu magari yalishaanza kutuma taarifa zake hewani moja kwa moja kiwandani bila kupitia ile soketi. Kura zote mbili zilipita kwa kishindo. Waliopiga wengi wao hata sio watu wa magari, walikuwa wamechoka tu kuambiwa lazima upeleke kwetu.

Kwa upande mwingine, mota ya umeme ni kitu rahisi kuliko injini yoyote, haina vali, haina taimingi, haina mafuta ya kubadilisha, na magari ya umeme yaliyopata ajali yanaacha mota na betri nzima ambazo watu wameshaanza kuzichukua na kuzifunga kwenye magari ya zamani. Ukiwaza vizuri ni zile Ford za V8 za baada ya vita: mabaki ya bei nafuu ambayo wakubwa hawayataki, na vijana wenye muda. Umeme wa volti 400 lakini haukusamehi kama kabureta ilivyokuwa inakusamehe, hapo ukikosea hakuna kurudia mara ya pili, na hilo ndo somo ambalo nisingependa mtu alipate kwa video ya dakika nne.

Dogo ameshaanza kuyafuatilia hayo. Mwezi uliopita tulikuwa kwa mjomba, ile gari yake ya zamani ya kabureta iko nje, ameipaka nta inang'aa, dogo anaizunguka kimya akipima kitu kwa mikono, mjomba kafurahi anadhani hatimaye kijana kaona uzuri. Dogo akainuka akauliza, babu, hivi ukiitoa injini hapa, betri zinaingia ngapi? Mjomba hakumjibu. Alifunga boneti taratibu, akachukua funguo zilizokuwa juu ya meza akaingia nazo ndani.